Kufuga koi nyumbani Dodoma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Koi ni samaki wa mapambo wa maji baridi, aliyetokana na karpu wa kawaida ambao wakulima wa mpunga wa Niigata, nchini Japani, walianza kuwachagua kwa rangi zao katika karne ya 19. Sifa zake zilienea baada ya kuonyeshwa katika maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914, na leo aina zake zinajulikana duniani kwa majina yake ya Kijapani: Kohaku mwenye mabaka mekundu juu ya ngozi nyeupe, Sanke anayeongezewa madoa meusi, Showa ambaye weusi ndio msingi wake, na Ogon mwenye rangi moja inayong'aa. Anayemnunua akiwa na urefu wa kidole akumbuke kwamba samaki huyo akitunzwa vizuri hufikia sentimita 60 na huweza kuishi miaka 25 hadi 35. Kwa sababu hiyo koi hafugwi ndani ya kioo cha sebuleni. Anahitaji bwawa.

Miongozo mingi ya ufugaji wa koi imeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mabwawa huganda kwa barafu, na sehemu kubwa ya mashauri yake haituhusu. Dodoma ipo katika mwinuko wa takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua kati ya Desemba na Aprili tu, kisha hukaa miezi saba ya jua kali na upepo mkavu. Usiku wa Juni na Julai joto la hewa hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na mchana wa Oktoba na Novemba hupanda na kupita nyuzi 30. Koi hustawi vizuri katika maji ya nyuzi 15 hadi 25, hivyo hali yetu ya hewa inamfaa. Kinachomsumbua mfugaji wa hapa ni maji yenyewe: upatikanaji wake, madini yaliyomo, na kasi yanavyokauka.

Hatua ya kwanza: kupima uwezo wa maji na kuchagua mahali

Kabla ya kumwita fundi, piga hesabu ya maji. Bwawa la familia lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2 huchukua lita 7,200, na hilo linatosha koi watano au sita wakubwa, kwa sababu kila mmoja anahitaji walau lita 1,000. Baada ya kulijaza, bwawa hilo litadai takribani lita 4,000 kila mwezi za kubadilishia maji na kufidia yanayokauka, kwa hesabu itakayoelezwa mbele. Kwa nyumba inayopata maji kwa mgao, maana yake ni kuwa na tenki la akiba la pekee kwa ajili ya bwawa, lisilochanganywa na la matumizi ya jikoni. Nyumba isiyo na uhakika wa lita hizo, au inayotegemea kununua maji ya boza kiangazi chote, ni afadhali isianze.

Mahali panapofaa ni pale panapopata kivuli kuanzia saa sita mchana na kuendelea, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linalopasha maji kupita kiasi na kuchochea mwani wa kijani. Kivuli cha mti hata hivyo kinahitaji uangalifu mkubwa katika mkoa huu. Mwarobaini, ambao umepandwa karibu kila uwanja wa nyumba Dodoma, una kemikali zinazodhuru samaki, na majani na matunda yake yakidondoka majini kwa wingi huwadhoofisha na hata kuwaua. Mnyaa ni hatari zaidi: ukivunja kitawi chake, utomvu mweupe kama maziwa huchuruzika papo hapo, na utomvu huo umetumika tangu zamani kulevya samaki mtoni. Kama ua wako ni wa minyaa, bwawa likae mbali nao, na wanaoukata wasitupe vitawi upande wa maji. Kivuli salama zaidi ni kichanja cha mbao kilichofunikwa kwa neti ya kivuli ya kitalu, ambacho pia huzuia mdiria, korongo na fundichuma wasijichukulie samaki wadogo.

Nyumba yenye watoto ijenge ukingo wa bwawa ulioinuka walau sentimita 60 juu ya ardhi na kuweka wavu imara juu yake au uzio wenye mlango unaofungwa. Hili lifanyike kabla maji hayajaingia.

Hatua ya pili: kujenga

Udongo mwekundu wa kichanga unaopatikana sehemu nyingi za mji hauna shida kubwa. Udongo mweusi wa mbugani ni jambo jingine, kwa sababu huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na kuta za matofali zilizojengwa juu yake bila jamvi la zege lenye nondo huchanika. Mwenye kiwanja cha namna hiyo ni bora atumie turubai nene la plastiki linalotandikwa kwenye mabwawa ya umwagiliaji, ambalo hunyumbulika pamoja na ardhi. Chini yake utangulie mchanga laini ili mawe yasilitoboe.

Kwa yeyote anayejenga kwa zege, mambo matatu yasiachwe. Sakafu iwe na mteremko kuelekea tundu moja la kutolea maji lililo katikati au pembeni, lenye bomba la inchi nne na koki nje ya bwawa, kwa sababu kinyesi cha samaki hukusanyika chini na ndicho kinachotakiwa kutoka kwanza. Bomba la kumwaga maji yanayozidi liwekwe juu, la sivyo mvua moja kubwa ya Januari itawatoa samaki nje pamoja na maji. Kuta zinyooke wima na kupigwa niru hadi ziwe laini, kwani koi anapokurupuka hujikwangua kwenye kuta zenye chembe kali, na vidonda hivyo ndivyo mlango wa maradhi.

Zege jipya hutoa chokaa majini kwa wiki kadhaa na kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, hadi kiwango kinachoua. Jaza bwawa, liache siku saba, mwaga, kisha rudia hadi kipimo cha pH kishuke chini ya 8.5 na kubaki hapo. Njia ya mkato ni kupaka rangi ya kuzuia maji iliyoidhinishwa kwa matenki ya maji ya kunywa.

Hatua ya tatu: chujio na hewa

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Bakteria wanaoishi juu ya mawe, sponji na plastiki huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo na hufaa sana kwa mimea. Kazi ya chujio ni kuwapa bakteria hao makazi na hewa.

Si lazima ununue chujio la dukani. Mapipa matatu ya plastiki ya lita 200, yaliyowahi kubeba bidhaa za chakula na si kemikali, yanatosha. Pipa la kwanza huwa tupu, maji yakiingia taratibu kutoka chini ya bwawa ili uchafu mzito utuame. La pili hujazwa sponji nene na vipande vya neti. La tatu hujazwa vitu vyenye nyuso nyingi, na kwa maoni yangu vizibo vya plastiki vya chupa za maji vinashinda kokoto, kwa kuwa ni vyepesi, havizibi upesi na huoshwa bila kuumiza mgongo. Pampu iweze kuzungusha maji yote ya bwawa angalau mara moja kwa kila saa mbili, yaani lita 3,600 au zaidi kwa saa kwa bwawa la lita 7,200. Maji yakirudi, yadondoke kutoka juu ili yavute hewa. Sponji zisioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana utawaua bakteria uliowasubiri kwa wiki nyingi; zikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe.

Suala la hewa lina uzito wa pekee katika mji ulioinuka kama Dodoma. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Kwa mwinuko wetu viwango hivyo hupungua kwa karibu moja ya nane, hivyo mchana wa Novemba maji hubaki na miligramu 6.5 hivi hata yakiwa safi, na koi huanza kupata taabu yanaposhuka chini ya 6. Saa ya hatari zaidi ni alfajiri, kwa sababu mwani ambao mchana hutoa oksijeni huitumia usiku kucha. Nenda bwawani kabla ya jua kuchomoza: ukiwakuta samaki wamejipanga pale maji yanapodondoka, vinywa vikiwa juu ya uso wa maji na matamvua yakipigapiga haraka, hewa haitoshi.

Kwa hiyo usitegemee pampu ya maji peke yake. Weka pampu ndogo ya hewa yenye mawe mawili ya kutolea mapovu, iliyounganishwa na betri inayochajiwa kwa sola, ili umeme ukikatika usiku samaki wasife. Asiye na betri achote maji kwa ndoo na kuyamwaga tena bwawani kutoka kimo cha kifua, kwa dakika kumi kila saa, hadi umeme urudi. Chujio likisimama kwa saa nyingi, bakteria hufa na maji yaliyomo huoza. Yamwage yote kabla ya kuwasha pampu upya.

Hatua ya nne: kuyatayarisha maji

Maji ya bomba ya jiji hutoka kwa sehemu kubwa katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yana madini mengi, kama anavyojua kila anayekwangua utando mweupe ndani ya birika lake. Ugumu huo una faida, kwa sababu maji yenye kabonati nyingi hayabadiliki pH ovyo, na koi anastahimili pH ya 7 hadi 8.5. Hasara yake ni kwamba amonia huwa kali zaidi kadiri pH na joto vinavyopanda. Katika nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika hali ya sumu, ya pH 8 huwa na asilimia 5, na ya pH 8.5 hufika asilimia 15. Kiwango cha amonia kinachovumilika mahali pengine chaweza kuua hapa. Ndiyo maana vifaa vya kupimia amonia, naitraiti na pH ni vya lazima, na vinunuliwe kabla ya samaki.

Klorini iondolewe kwa kuyaacha maji kwenye tenki lililo wazi siku mbili huku yakipulizwa hewa, au kwa sodiamu thaiosalfeti, gramu 10 kwa lita 1,000, ambayo hufanya kazi ndani ya dakika chache. Maji ya mvua yasitumike peke yake, kwani hayana madini ya kushikilia pH, na yale ya mwanzo wa Desemba hushuka na vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya bati miezi saba. Mwaga ya mvua za kwanza, kisha changanya yanayofuata nusu kwa nusu na ya bomba.

Bwawa likishajaa, washa chujio na uliache wiki nne hadi sita kabla ya kuingiza samaki yeyote. Bakteria wanahitaji chakula ili wazaliane, hivyo tupia konzi ndogo ya chakula cha samaki kila siku mbili, au omba sponji iliyotumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake ni wazima. Amonia itapanda, kisha naitraiti, halafu zote mbili zitarudi sifuri. Hapo ndipo samaki wawili wa kwanza waingie.

Hatua ya tano: kununua na kusafirisha

Chagua samaki anayeogelea sawasawa, mapezi yakiwa wazi, macho maangavu, asiye na kidonda wala magamba yaliyosimama. Hakikisha ni koi: ana sharubu pembeni mwa mdomo, na samaki wa dhahabu hana. Usinunue kutoka kwenye tangi ambalo hata mmoja amekufa, japo wengine wanaonekana wachangamfu. Kwa kuwa samaki hai wa kigeni wana kanuni zao, muulize afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu vibali kabla ya kuwasafirisha kutoka mkoa mwingine.

Safari ya kutoka Dar es Salaam ni ya takribani kilomita 450. Samaki wasipewe chakula siku moja au mbili kabla, wafungwe kwenye mifuko miwili miwili yenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, wawekwe ndani ya boksi la povu, na wasafiri usiku. Wakifika, elesha mfuko uliofungwa juu ya maji ya tenki la karantini, yaani la kuwatenga wageni, kwa dakika 20 ili joto lilingane. Ukiufungua, gesi ya kaboni iliyojikusanya hutoka, pH ya maji ya mfukoni hupanda, na amonia ya safari yote huwa sumu kali ndani ya dakika chache. Kwa hiyo baada ya kuufungua usiwaache humo: waingize samaki kwa mikono iliyolowa au kwa wavu laini, na maji ya mfuko yamwagwe nje.

Karantini ni tenki la lita 500 hadi 1,000 lenye hewa na chujio lake, ambamo wageni hukaa wiki tatu hadi nne. Sababu kubwa ni virusi vya hepesi vya koi, vilivyotambuliwa mwaka 1998, ambavyo havina tiba, huozesha matamvua na hufanya kazi hasa katika maji ya nyuzi 16 hadi 28, ambayo ndiyo hali yetu karibu mwaka mzima.

Hatua ya sita: kulisha

Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo, hivyo kidogo mara mbili au tatu kwa siku ni bora kuliko kingi mara moja. Toa kinachomalizika ndani ya dakika tano, kisha opoa masalia. Chakula kinachoelea cha perege chenye protini ya asilimia 30 hadi 35 kinafaa kikikosekana cha koi. Mara moja moja wape mchicha uliochemshwa kidogo, vipande vya tikiti maji au chungwa. Ugali, mkate na pumba huchafua maji na kunenepesha bila kujenga mwili. Kipupwe kikishusha maji chini ya nyuzi 18, punguza nusu.

Anayesaga chakula chake kwa mashudu ya alizeti na dagaa aangalie ukavu. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia nafaka, huharibu pia ini la samaki. Mahindi, karanga au mashudu yenye ukungu yasiingie kwenye mchanganyiko, na chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Kazi ya kila wiki

Bwawa la mita 3 kwa 2 lina uso wa mita 6 za mraba, kwa hiyo kila milimita inayoshuka ni lita 6. Chora alama ukutani na upime mwenyewe. Likishuka milimita 6 kwa siku wakati wa kiangazi, zimekauka lita 36, sawa na zaidi ya lita 1,000 kwa mwezi. Kinachoondoka hewani ni maji matupu. Chumvi zote na naitreti hubaki. Anayeongeza tu hadi kwenye alama, pasipo kutoa, hulirundikia bwawa madini kila siku, na ndani ya miezi saba litakuwa limebeba chumvi ya mabwawa mawili huku maji yakionekana safi kabisa. Basi kila wiki fungua koki ya chini, toa asilimia 10, yaani lita 720, kisha ndipo ujaze. Maji hayo yapelekwe kwenye migomba au tuta la mboga, ambako naitreti yake ni mbolea.

Siku hiyohiyo pima amonia, naitraiti na pH. Amonia au naitraiti ikionekana, acha kulisha na badilisha robo ya maji.

Nyumba inapopuliziwa dawa ya mbu au mende, funika bwawa lote kwa turubai na uzime pampu ya hewa wakati wa kupuliza, kwani dawa nyingi za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na pampu huivuta moja kwa moja hadi majini. Iwashe mara hewa inapotakata.

Samaki wanapougua

Anayejikuna ukutani, kukunja mapezi au kujitenga peke yake anaumwa, na jambo la kwanza ni kupima maji, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa huanzia hapo. Vidoa vyeupe vidogo mwili mzima na vimelea vingine vya ngozi hupungua kwa chumvi ya mawe isiyo na kemikali, kilo 3 kwa lita 1,000, ikiyeyushwa ndani ya ndoo na kuingizwa kwa mafungu katika siku tatu. Magadi si chumvi hiyo na yasitumike. Kwa kuwa chumvi haikauki, usirudie kipimo hadi uwe umebadilisha maji. Kijiti chembamba kinachoning'inia kwenye gamba ni mnyoo nanga; mtoe kwa kibano na upake aidini. Samaki wengi wakifa ndani ya siku chache, usiwape dawa ya kubahatisha. Mtaarifu afisa uvuvi au daktari wa mifugo, na usigawe samaki wala vifaa kwa mtu.

Asiyewataka tena koi wake awape mfugaji mwingine. Wasiachiwe mtoni, wala katika mabwawa ya Hombolo au Mtera, kwa sababu karpu hufukua matope, huharibu mazalia ya samaki wa asili, na hubeba maradhi.

Mwenye nyumba anaposafiri

Koi mkubwa mwenye afya huvumilia wiki moja au mbili bila chakula, akijitafutia mwani ukutani. Kwa hiyo anayebaki nyumbani asiachiwe kopo la chakula, kwani wageni wa kazi hii hulisha kupita kiasi, na mabaki hayo huoza. Kama ni lazima walishwe, pima kila mlo kwenye karatasi yake. Mwonyeshe mlinzi mambo matatu: jinsi pampu ya hewa inavyowashwa kwa betri, alama ya maji ukutani, na namba ya simu ya mfugaji wa jirani, kisha mwombe apite bwawani kila alfajiri.